Majina Uliyosema Hayapo

Nyumba ya tatu juu ya soko,
Abancay, Apurímac.
22 Agosti 2019

Mpendwa mdogo wangu Fortunato,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Turin, wewe na Graciela na Noemí. Uliniandikia kwamba mgongo unakusumbua kwa sababu ya kumwinua yule mzee wa Kitaliano kitandani kila asubuhi. Pole. Ukande kwa maji ya moto na chumvi, na umwambie mwanawe wa kiume naye ashike upande mmoja.

Mimi sijambo, ukiacha meno. Redioni bado wananipa saa moja ya habari asubuhi, na gazeti linachukua makala zangu mbili kwa wiki. Shangazi Saturnina ametimiza miaka themanini na mmoja. Anatembea bila fimbo, anatafuna koka yake, na kila alfajiri anamtukana jogoo wa jirani kana kwamba wamekosana kwa mirathi. Baridi ya Juni ilikuwa kali, kwa hiyo viazi vya kugandisha vimetoka vizuri mwaka huu, vyeusi na vyepesi. Nilitaka kukutumia gunia dogo, nikaambiwa forodha ya huko wanavitupa.

Barua yako ya tarehe 30 Julai nimeipata. Unasema Noemí amepewa kazi shuleni: aandike maana ya majina ya mahali wazazi wake walikotoka. Ukaongeza kwamba mimi ndiye mwenye maneno katika ukoo, na kwamba mtoto anajivunia asili yake. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unanitania. Nitakujibu, kwa sababu mtoto hana kosa.

Mwandikie hivi. Apurímac: *apu* ni bwana mkubwa, na ndivyo tunavyouita pia mlima unaotulinda, *rimaq* ni asemaye. Kwa hiyo mto wetu ni Bwana Asemaye. Mwalimu akiuliza kwa nini, asimame darajani mwezi wa Februari, atasikia. Abancay limetokana na *amankay*, ua la mlimani ambalo siku hizi hulioni mjini ila kwenye nembo ya manispaa. Antabamba ni uwanda wa shaba. Ayacucho, kwa majirani zetu, ni kona ya wafu. Kuna wasomi wanaobishia maana hiyo. Waliozika watu wao kule wakati wa vita vya miaka ya themanini hawabishi.

Kwetu Chillcapata ni ngazi ya mlima inayoota *chillca*, kile kichaka chenye majani ya kunata ambacho Mama alikufungia ulipovunjika mkono. Chini ya kijiji kuna Llamawañusqa, walikofia llama. Kuna Wallatawachana, wanakotaga bata bukini wa mlimani. Kuna Suyturumi, jiwe refu. Na kuna Waqanapata, kilima cha kulilia, ambapo anayeondoka hugeuka akaona mapaa kwa mara ya mwisho. Wewe uligeuka mwaka 2001. Nilikuwa nimekubebea sanduku.

Mwambie mtoto kwamba wazee wetu hawakuita mahali kwa jina la mtu. Waliita kwa kile kilichopo au kilichotokea. Ukiyasikia majina kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu, unajua pa kunywa, pa kulala mifugo, na pa kuogopa radi, hata kama hujawahi kufika.

Hayo ya bonde yatamtosha shuleni. Ya malisho ya juu siandiki hata moja. Wewe unajua ni mangapi. Na mahakama sasa ina karatasi yenye sahihi yako inayosema ni mangapi: hakuna.

Nakueleza jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu siku ile kwenye simu uliongea kama mtu aliyeingia mkutanoni mwishoni.

Septemba 1996 serikali ilimtuma mhandisi apime ardhi yetu ili kijiji kipate hati. Mhandisi hakujua Kikechua, na Babu Melchor hakutaka kujua Kihispania. Wewe ulikuwa na miaka ishirini, umemaliza sekondari, ukafanywa mkalimani. Desturi unaijua: mgeni haambiwi jina la chemchemi wala la mwamba. Jina ni mlango, na anayelijua anaweza kuita. Babu alikuwa na sababu nyingine juu ya hiyo. Alisema wageni wa kale walifuata majina. Palipoitwa pa dhahabu walichimba dhahabu, palipoitwa pa fedha walichimba fedha, na waliowatajia majina ndio walioshushwa shimoni kwanza.

Jioni mliporudi ulitusimulia jikoni, ukiigiza sauti za wote wawili. Nakumbuka neno kwa neno.

"Mzee, na hapa panaitwaje?"

"Mwambie hapana jina."

"Na pale kwenye chemchemi?"

"Hapana jina."

"Jamani, kijiji hiki hamna hata adabu ya kuita vitu?"

"Mwambie sisi ni watu wa kusahau sana. Muulize yeye anaitwa nani, maana hata hilo nimeshasahau."

Tulicheka mpaka pombe ya mahindi ikatutoka puani. Babu alikaa pale na kikombe chake, ameridhika kama mtu aliyefunga zizi vizuri. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimekuja likizo, nimeshaanza kazi ya habari, daftari langu limo mkobani. Nilijua ramani ya serikali ni kitu gani. Sikuuliza mhandisi aliandika nini. Kosa hilo ni langu na sijamgawia mtu.

Aliandika hivi, nimeona daftari lenyewe: "Malisho ya juu. Wenyeji hawana majina ya sehemu hizi. Hayatumiki." Chini yake kuna sahihi ya shahidi, yako, kwa mwandiko mzuri wa sekondari. Hati ilipokuja mwaka 1998, mpaka wake uliishia Suyturumi. Tuliitia fremu tukaitundika kwenye ukumbi wa kijiji. Miaka ishirini ilining'inia mbele ya macho yetu huku alpaka wetu wakila majani juu ya mpaka, na hakuna aliyeisoma. Wanasema mficha uchi hazai. Sisi tulificha vizuri mno.

Mwaka 2017 kampuni ya shaba ilikuja na karatasi: ardhi tupu ya serikali, nayo imepewa. Inataka kumwaga tope na mawe ya mgodi pale inapotoka chemchemi kubwa. Maji yote ya Chillcapata yanatoka pale. Kaya mia na kumi, mashamba, mifugo, bomba la shule. Hilo ndilo linalogombaniwa, Fortunato. Watu wa mbali wanadhani tunagombania nyasi.

Wakili wetu, binti mmoja anayeitwa Yesenia Pocco, alijenga kesi juu ya majina. Hoja yake ni rahisi: mtu hawezi kuzipa majina pembe ishirini na tatu za mahali asipopatumia. Tukithibitisha kwamba tulipatumia kabla ya mhandisi, ardhi ni yetu. Kwa hiyo mtu alitakiwa ayatamke mbele ya hakimu, kule kule juu. Aliyebaki anayajua yote ni Shangazi. Wazee walikaa siku mbili wakibishana kama inafaa. Siku ya tatu Shangazi akawaambia wanyamaze, yeye anakwenda.

Ilikuwa tarehe 11 Julai. Hakimu alipanda kwa nyumbu. Wakili wa kampuni, Arrisueño, alikuja na chupa ya hewa na kijana wa kuibeba. Mahali pa kwanza Shangazi alichagua majani matatu ya koka, akayapulizia kuelekea mlimani, akayapanga upya, akayapulizia tena. Upepo ulikuwa unakata masikio.

Wilber, mtoto wa Leoncio mwenyekiti, akamnong'oneza, "Shangazi, fanya upesi, hakimu anaganda."

"Agande. Mimi nimeganda hapa miaka sitini, nani alinihurumia?"

Kisha akauambia mlima, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na jirani ng'ambo ya ukuta: "Nisamehe. Mlango umeshavunjwa. Mimi nawaambia tu ndani anakaa nani."

Akatamka jina la kwanza. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na nilikuwa sijawahi kulisikia kwa sauti kubwa.

Tulitembea saa tano. Kila mahali alitaja jina, akaeleza maana, akataja na lililompata hapo: alipozalia mtoto wa kwanza peke yake, radi ilipomuua mume wake na alpaka kumi na moja, alipojificha wiki mbili wanajeshi walipopita. Karani aliandika huku akipulizia vidole vyake. Hakimu alisikiliza vizuri, sina lawama naye. Mara moja tu alimkatiza.

"Bibi, kama majina yalikuwapo, kwa nini mlimwambia mhandisi hayapo?"

"Kwa sababu aliuliza kabla ya kusalimia."

Watu walicheka, na hakimu naye. Nilidhani tumeshinda. Niliandika hivyo daftarini, "tumeshinda," jambo ambalo simruhusu mwandishi yeyote aliye chini yangu kulifanya.

Jina la mwisho lilikuwa la chemchemi kubwa. Jina lenyewe linataja kilichomo chini ya ardhi ile. Kampuni ilitoboa mashimo kwa miaka miwili kutafuta jambo ambalo Shangazi alilisema kwa neno moja.

Ndipo Arrisueño akavua kinyago cha chupa yake ya hewa. "Bibi, hadithi tamu sana. Ulizitunga jana au juzi?" Akatoa karatasi. Ilitoka Turin, tarehe 14 Juni, mbele ya mthibitishaji wa huko. Akaisoma: "Mimi, Fortunato Anampa, mzaliwa wa Chillcapata, nathibitisha kwamba mwaka 1996 nilikuwa mkalimani, na kwamba wazee walisema sehemu za juu hazina majina."

Yesenia alimtafsiria Shangazi kwa Kikechua. Shangazi akauliza, "Fortunato yupi?"

"Wa kwenu, Shangazi."

"Wa kwetu nani?"

Nilimjibu mimi. Nilisema, mdogo wangu. Alikaa juu ya jiwe, akatazama maji. Hakulia, usije ukawaza hivyo. Akasema, "Basi ana kumbukumbu nzuri."

Hukumu ilitolewa tarehe 9 Agosti. Ilisema kwamba majina yaliyotamkwa baada ya miaka ishirini na mitatu, na mtu mwenye maslahi, hayawezi kushinda daftari la afisa asiye na upande, hasa daftari hilo likiwa limethibitishwa na mzaliwa wa mahali hapo anayeishi mbali na asiyepata faida yoyote. Umesifiwa mahakamani kwa kutokuwa na faida. Nimelikata gazeti nikakuwekea.

Kesho yake nilikupigia. Uliniambia, "Dada, mimi sikusema uongo. Babu alisema hapana jina. Wakili aliniuliza kama sahihi ni yangu, nikasema ndiyo. Ulitaka niikane sahihi yangu?" Kisha ukaniambia mzee wako anaita, ukakata.

Ni kweli hukusema uongo. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na minne, na ukweli uliokatwa katikati naujua ninapouona. Nimeukuta kwa mameya, kwa makanali, kwa mapadri wawili. Sikutegemea kuukuta kwa mtu niliyemfundisha kusoma. Ulisema Babu alisema nini. Hukusema wewe ulijua nini.

Na ulijua. Mwezi mmoja kabla ya mhandisi kuja, mwezi wa Agosti, ambao wazee husema ardhi imefungua kinywa na watu huilisha sadaka, Babu alikupandisha juu peke yako. Mlikaa siku tatu. Alikupitisha mahali kwa mahali na kukurudisha nyuma kila ulipojikwaa, mpaka ukayasema yote bila kusita, kwa sababu wewe ulikuwa mjukuu wake pekee wa kiume. Mimi sikuchukuliwa. Nilikuwa msichana wa mjini. Nilikuonea wivu miaka mingi, nakuambia leo. Sasa naona tu kwamba mzee alichagua vibaya.

Jumapili iliyopita kulikuwa na mkutano wa kijiji. Utasikia kwa wengine, heri usikie kwangu. Mwenyekiti Leoncio alisimama akasema, "Tumfute kwenye daftari la wanakijiji. Anayesema kwetu hakuna majina, na lake lisiwepo." Watu walipiga makofi, na si wachache. Mke wa Leoncio akaongeza kwamba ukija kuzikwa uzikwe huko huko kwa Wataliano, ardhi yao ina majina. Hata hapo walicheka.

Shangazi alisubiri wamalize. "Mkimfuta huyu," akasema, "nani atasema? Melchor? Nendeni makaburini mkamuamshe." Leoncio akaitisha kura. Zikapigwa, na bado umo, kwa tofauti ya kura saba. Mimi sikunyosha mkono upande wowote.

Tumekata rufaa. Itasikilizwa tarehe 2 Oktoba, na karatasi yoyote mpya lazima iwe mahakamani kabla ya tarehe 20 Septemba. Baada ya hapo hakuna mlango mwingine ambao Yesenia anaujua, naye anaijua milango. Kampuni imeshaleta matingatinga mawili. Yameegeshwa chini ya Suyturumi, yamefunikwa turubai.

Unachotakiwa kufanya ni hiki. Nenda ubalozi mdogo wetu hapo Turin, uombe kuandika tamko la kiapo. Sema kwamba mwaka 1996 uliyajua majina, kwamba Babu alikuagiza uyafiche, na kwamba uliyaficha. Kisha uyaandike, kila moja na maana yake, kwa mpangilio wake. Orodha ya Shangazi imo kwenye jalada la mahakama tangu Julai. Wewe hujakanyaga huku miaka kumi na minane. Orodha yako ikilingana na yake, hakuna wakili atakayesema tuliitunga juzi.

Ndiyo sababu sikuandika hata moja humu. Barua hii inaweza kuombwa na mahakama, na nataka isomwe yote. Nimepita nyumba kwa nyumba Chillcapata, nikamwomba kila mtu asikutajie, si kwa simu wala kwa ujumbe. Hakuna aliyenibishia. Wengi hawana hamu ya kuongea nawe.

Huenda kampuni itakuita mwongo, na utaulizwa mbona mwezi Juni hukusema haya. Jibu ni kwamba hukuulizwa. Hilo nalo ni kweli, na umeshazoea kweli za namna hiyo.

Huenda pia umeyasahau. Miaka ni mingi, na kichwa cha mtu kina nafasi yake. Najua unaijua mitaa yote ya Turin. Kama umesahau, andika hilo kwa mstari mmoja na unitumie mimi, si mahakama. Nitamwambia Shangazi mwenyewe.

Nisalimie Graciela, mwambie dada yake alijifungua salama, mtoto wa kike. Mpe Noemí busu langu. Wilber anakusalimu. Mwalimu Evaristo, aliyekufundisha mwandiko ule, alifariki Mei, tulimzika vizuri. Leoncio hakunipa salamu, nami sikutunga za kwake.

Shangazi ananiambia nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema: "Mwanangu, mimi nimeshawatajia wageni. Kama ni kosa, nimelibeba, sina miaka mingi ya kulibeba. Wewe huna tena cha kulinda." Kisha akasema nikutakie baraka zake, mlima ukutazame huko uliko ingawa hauoni mbali kiasi hicho, na mgongo wako upone.

Andika ishirini na tatu, Fortunato. Anza kutoka chini, kama Babu alivyokupitisha. Ukikwama katikati, usinipigie simu.

Mimi dada yako, ambaye kukupenda hakujaniisha,

Dionisia Anampa